Sweta la Pengraig

Jumapili ya Maua ikikaribia, watu wa Aberheli walijua kumkwepa Olwen Parri. Wiki nzima kabla ya siku hiyo kijiji kizima huwa makaburini na ndoo na brashi. Watu wanasugua mawe, wanang'oa magugu, wanapaka chokaa kwenye kingo, ili Jumapili ile ya kabla ya Pasaka kila marehemu wa ukoo apate maua yake. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu anaweza kukosa kanisa mwaka mzima na asiambiwe neno, lakini kaburi la mamake likikutwa chafu siku hiyo, heri ajitafutie kijiji kingine. Olwen alikuwa na mume pale juu, alikuwa na wakwe, na kazi ilimtosha. Lakini aliifanya kama mtu anayeoshea vyombo wageni wa jirani. Mwanawe Emrys hakuwa na kaburi.

"Una bahati wewe, Marged," alizoea kusema akipita na ndoo yake. "Wako ana anwani."

Ulimi ule! Mchungaji mmoja alihama kwa sababu yake, ingawa mwenyewe alisingizia mapafu. Marged Pengraig hakuwa akimjibu. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mzito wa hasira, mtu wa kutukanwa asubuhi na saa kumi akakubishia mlango na keki za kikaangoni chini ya kitambaa. Alisugua jiwe la mwanawe Iolo, akaendelea kusugua, na Olwen akapita na sumu yake.

Wavulana hao wawili walizaliwa mwaka mmoja, wakakua kama mapacha, wakala kwenye nyumba yoyote iliyokuwa na chungu motoni. Walikuwa na umri wa miaka kumi na tisa walipotoka asubuhi moja ya Machi na mashua ya babake Iolo kwenda kuinua mitego ya kaa. Machi kwetu haina adabu. Jua liliwaka walipotoka, na kabla ya saa sita upepo ulikuwa unang'oa mabati. Mashua ilirudi imepinduka. Wavulana hawakurudi.

Wiki zikapita. Kisha mtu aliyekuwa akiokota kuni akakuta mwili mmoja ufukweni, maji yalipotoka, kwenye vile visiki vya msitu uliomezwa na bahari tangu zama za mababu. Siku hizi wageni wanakuja kuvipiga picha visiki hivyo. Sisi tunavipita upande wa juu. Bahari ilikuwa imemla yule kijana uso na vidole, na vijana wote wawili walikuwa warefu, wenye nywele nyeusi. Kilichobaki cha kumtambulisha kilikuwa sweta.

Sweta la bahari kwetu halikuwa nguo tu. Kila nyumba ilikuwa na ufumaji wake, mama anamrithisha binti au mke wa mwanawe, na sababu yake kila mtu aliijua ingawa hakuna aliyeitaja mbele ya watoto. Pengraig walikuwa na kamba mbili zilizosokotwa na ngazi katikati. Kuiga ufumaji wa nyumba nyingine kulikuwa wizi, tena wa aibu kuliko wizi wa kuku, maana mwizi wa kuku anaweza kusema alikuwa na njaa. Basi wanaume waliombeba yule kijana walitazama kifua chake mara moja tu. "Ni wa Pengraig," wakasema. Marged akaitwa kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, akaziona kamba na ngazi, akaanguka chini kwa uzito wake wote. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Olwen alikuwa amesimama mlangoni. "Sweta la nani?" aliuliza.

"La Pengraig, Olwen. Pole."

Akageuka, akaenda zake nyumbani. Huko alikuwa na mgonjwa, mama mkwe wake, ambaye kijiji kizima tulimwita Nain, yaani bibi. Kiharusi kilikuwa kimempiga Nain siku chache tu baada ya mashua kupotea, kikamwachia jicho moja na mkono mmoja wenye uhai, mdomo hapana. Alipoambiwa kwamba Iolo amepatikana, bibi yule alimshika Olwen mkono wa sweta akawa anauvuta, anauvuta, huku machozi yanamtiririka. Olwen alidhani anasikia baridi. Akamfunika blanketi la pili. Nain akafa kabla ya kiangazi.

Hayo ni ya zamani, karibu miaka arobaini. Tangu hapo nusu ya nyumba za Aberheli zimenunuliwa na watu wa mbali, wanaozifungua Julai na kuzifunga Septemba. Kwenye shamba la Ifor pamepandwa karavani, zile nyumba za magurudumu za wageni, badala ya viazi. Duka la kamba za meli linakaanga samaki na chipsi. Na Berwyn Posta, aliyepeleka barua maisha yake yote na alipostaafu hakujua miguu aifanyie nini, akaliomba banda la zamani la boti ya uokoaji akaligeuza makumbusho.

"Mvua ikinyesha wageni waende wapi?" alisema. "Wakae wanatazamana?"

Humo aliwasimulia habari za nchi iliyozama mbele ya ufuko wetu, na kengele ya kanisa lake inayosikika chini ya maji bahari ikitulia. Kila mwaka hadithi ilinenepa kidogo.

"Berwyn," Olwen alimwambia siku moja mbele ya wageni, "mwaka jana si kengele ilikuwa moja?"

"Imezaa, mama. Kengele zenyewe ni za kike."

Wageni hawakuelewa kitu, wakacheka kwa heshima.

Mwaka mmoja Berwyn aliongeza chumba cha wavuvi, akazunguka nyumba kwa nyumba akiomba vitu vya baharini: taa, dira, picha za manahodha wenye masharubu. Marged alimpa bahasha kubwa ya karatasi ya kahawia, imefungwa kwa uzi wa polisi, fundo lile lile la siku ile. Hakuwahi kuifungua. Miaka yote ilikaa chini ya kabati la nguo, na alipofagia aliisogeza kwa ufagio bila kuinama.

"Nikifa Gethin ataitupa," alimwambia Berwyn. Gethin alikuwa mtoto wa kaka yake, ndugu pekee aliyebaki, mtu wa benki huko Cardiff. "Afadhali watu wamwone."

Akasema "wamwone," wala si "walione." Berwyn Posta, ambaye si mtu wa machozi, alitembea na bahasha ile hadi bandani kwa njia ndefu ili asikutane na mtu.

Siku ya kukifungua chumba hicho palikuwa na chai na mkate wa zabibu na hotuba ndefu ya diwani. Marged alikuwa amekwenda kwa Olwen tangu mapema.

"Twende wote, shoga yangu. Siwezi kusimama mbele yake peke yangu."

"Mimi ndiye wa kukushika mkono? Huna mwingine?"

"Sina," alisema Marged. Na kweli hakuwa naye. Olwen akavaa koti.

Sweta lilikuwa limetandazwa ndani ya kioo, rangi ya buluu iliyoiva, limenyooshwa mikono kama mtu anayepimwa kwa fundi. Chini yake Berwyn alikuwa ameandika jina la Iolo. Marged akaweka kiganja chake kwenye kioo. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na daktari alikuwa amechoka kumwambia.

"Mimi naona ukungu tu," alisema. "Niambie wewe, mwenzangu. Limekaa vizuri?"

Olwen akatazama. Mwanzoni aliona alichotarajia kuona, kamba mbili na ngazi. Kisha mikono yake ikaona kabla ya macho, maana alikuwa mfumaji, na vidole vya mfumaji huwa vinafuata uzi hata vikiwa mfukoni. Vilifuata kamba za sweta lile vikajikwaa. Kamba za Marged zilijisokota kuelekea kulia. Za kila mwanamke wa Aberheli zilijisokota kuelekea kulia. Hizi zilikuwa zinapanda kuelekea kushoto.

Kijiji chetu kilipata kuwa na mfumaji mmoja tu wa mkono wa kushoto. Shuleni walimfunga mkono ule kwa kitambaa mpaka akajifunza kuandika kwa wa kulia kama watu, lakini sindano za kufumia hakuna mwalimu aliyemfuata nazo nyumbani. Tulimtania kwamba kamba zake zinatembea kinyumenyume. Alikuwa Nain. Na Nain, tangu mumewe afe, hakumfumia mtu mwingine duniani isipokuwa mjukuu wake.

Hapo ndipo Olwen alipomsikia Emrys, waziwazi, kama yuko nyuma yake anatafuna mkate. Ilikuwa majira ya baridi yale ya mwisho. "Nain ananifumia kitu, Mam. Usiulize, utatugombeza." Naye hakuuliza. Alijua jinsi kijana alivyolitamani sweta la rafiki yake tangu utotoni, akalia siku moja mpaka akatapika, na yeye Olwen akamwambia kwamba hilo ni la Pengraig, sisi si wezi. Kumbe bibi alikuwa ameiba. Aliiba kwa ajili ya mapenzi, akamficha mama mtu, na kijana akalivaa chini ya koti la mvua mahali ambapo kijiji hakimwoni.

"Olwen? Nimekuuliza."

"Limekaa vizuri."

"Mbona mkono wako umekuwa barafu?"

"Chai ya Berwyn," alisema Olwen. "Imepoa tangu jana."

Akaondoka kabla ya diwani kumaliza. Nyumbani alikaa jikoni na koti lake mwilini na hakuwasha moto. Wapo wanaosema furaha na uchungu havikai chungu kimoja. Hao hawajawahi kupata mtoto kwa namna ile. Yuko pale juu! Miaka yote amekuwa pale juu, nyuma ya kanisa, ng'ambo ya ukuta ninapoanika nguo! Alicheka kwa sauti. Kisha akakumbuka mkono wa Nain ukimvuta sweta, unavuta, unavuta, bibi masikini anasema kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, na yeye anamtupia blanketi. Olwen akajipiga kofi usoni. Alilia kwa ukelele, akamwita Nain mwizi, akamwomba Nain msamaha, akamwita Emrys kwa majina yote ya utotoni, hata lile alilokatazwa kumwita mbele ya wenzake.

Baada ya kilio ikaja hasira, na ikamfaa kuliko chai. Kaburi ni langu. Jiwe lile litang'olewa. Atakaa Emrys Parri pale kwa herufi za dhahabu, na siku yangu ikifika nitalazwa ubavuni pake, na Marged Pengraig atajua maana ya kupita na ndoo. Aliyawaza hayo kwa maneno hayo hayo. Hakuwa malaika, na mimi simpambi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hapa wazazi walikuwa wawili na mwana mmoja.

Jumamosi, mkesha wa Jumapili ya Maua, alipanda makaburini na maneno tayari kinywani. Marged alikuwa kaburini, hakupiga magoti kama miaka mingine, amekaa kwenye kistuli cha kukamulia na ndoo mbele yake, brashi mkononi, haifiki.

"Afadhali umekuja," alisema Marged. "Magoti yamegoma. Nisugulie huko chini kwenye jina, mwenzangu, mimi nimefika katikati nimekwama kama meli."

Olwen akapiga magoti. Akashika brashi. Maji yalikuwa ya baridi na jiwe jeusi la mlimani lilikuwa na ukungu wa kijani kwenye herufi, na chini ya jiwe, kina cha mtu mmoja, alikuwa mwanawe. Hakuwahi kuligusa. Miaka karibu arobaini alilipita akitema sumu. Akaanza kusugua, polepole, kisha akawa anasugua kama anavyomwogesha mtoto aliyetoka kuchezea tope.

"Usimchubue!" Marged akacheka. "Mwenyewe huwa naanza hivyo hivyo, kwa nguvu. Kisha nachoka, nakaa, namwambia habari."

"Habari gani?"

"Za kila kitu. Nani kaoa, nani kauza nyumba, Ifor kaangusha trekta baharini. Kila wiki nakuja. Mvua ikinyesha nakuja na mwavuli, nafunika na jiwe kidogo, usinicheke. Na yako pia namwambia."

"Yangu mimi?"

"Namwambia, Olwen leo kanitukana hivi na hivi. Tunacheka sana." Marged alipangusa pua kwa kiganja. "Na namwambia asikukasirikie. Namwambia, yule mama hana pa kukaa na mwanawe, mwache aseme."

Olwen alisugua. Herufi ya kwanza ya jina la Iolo ilitokea safi kabisa, nyeupe. Hakuona vizuri na hakupangusa macho, maana mikono ilikuwa na sabuni. Mwanangu ameambiwa habari zote, aliwaza. Ameambiwa na kucheka na kufunikwa mwavuli. Na mimi sikujua, na huyu hajui. Alitaka kumkumbatia Marged na alitaka kumsukuma kutoka kwenye kile kistuli, vyote viwili, kwa mkono mmoja.

"Marged. Huyu..."

"Huyu nini?"

Neno lilikuwa pale, kwenye meno. Marged alikuwa amemgeuzia uso wake mpana, macho meupe, anasubiri.

"Huyu jiwe lake limepinda," alisema Olwen.

"Limepinda tangu lini! Wewe ndiye uliyepinda. Ngoja nikuambie jambo, ila usilipeleke kwa Berwyn maana atalibandika ukutani. Daktari anasema moyo wangu umechoka. Pengine kiangazi hiki, pengine kijacho. Na unajua, sikuogopa hata kidogo? Nilidhani nitaogopa. Lakini nafasi yangu ipo, hapa juu yake, tuliichimba ya watu wawili tangu siku ile. Nitalala na mwanangu, basi. Mtu anaogopa nini akienda kulala na mwanawe?"

Upepo ulikuwa unatoka baharini, na makaburi yote kuzunguka watu walikuwa wakipigana mizaha na kuazimana mikasi. Olwen alimaliza jina la ukoo, akamaliza miaka. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake:

"Niachie leo niyapange maua mimi."

"Hapana," alisema Marged mara moja, na uso wake ukafunga. "Kusugua sawa. Maua ni kazi ya mama."

Olwen akairudisha brashi ndooni. Alisimama kando, mikono inadondosha maji, akamtazama mwanamke mwingine akimpangia mwanawe maua ya njano, moja moja, kwa kupapasa, mengine yakiwa kichwa chini. Hakuyanyoosha. Aliporudi nyumbani alivunja sahani, kwa makusudi, kisha nyingine.

Tangu siku ile alimtembelea Marged kila jioni, na watu wakashangaa, wakasema Olwen naye kazeeka, kapata moyo. Wengine walisema anawinda kabati la vyombo. Alikuwa akienda na nia ile ile kila siku, leo namwambia, na kila siku alirudi nayo. Alimpikia mchuzi wa kondoo na vitunguu. Alimsomea gazeti. Marged alimsimulia habari za Iolo utotoni, na mara kwa mara, ndani ya habari hizo, Emrys alipita mbio akitokea mlango wa nyuma, na Olwen akazidokoa kama ndege.

Marged akafa Julai, karavani zimejaa, usingizini, bila kumsumbua mtu. Olwen ndiye aliyemkuta. Alimfunga kidevu, akamchana nywele, akakaa kitandani pembeni yake.

"Sasa huwezi kuumia," alimwambia. "Sasa nitasema."

Maana alikuwa na haki, jamani, nani atasema hakuwa nayo? Yule aliyekuwa akilindwa na kimya chake ametoka. Kaburi lingefunguliwa kesho kutwa, na likifungwa tena na Marged ndani, basi, maji yamemwagika. Nani atafukua watu wawili kwa ajili ya kamba zilizosokotwa kushoto? Ilikuwa aseme sasa au asiseme kabisa. Alimngojea Gethin, na Gethin alipofika na viatu vyake vya mjini alimkuta mlangoni amesimama wima.

"Gethin, kuna neno kuhusu kaburi."

"Najua, mama, usiwe na wasiwasi," alisema Gethin, akamshika mikono yote miwili. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka. "Shangazi alinipigia simu mwezi uliopita. Hakutaka nyimbo nyingi, hakutaka hotuba. Alisema nihakikishe mambo mawili tu. Alazwe na Iolo. Na udongo wa kwanza autupe Olwen, alisema, kwa sababu yeye hakuwahi kupata mtu wa kumtupia."

Olwen akaitoa mikono yake. Alikwenda zake. Siku mbili hakula kitu cha maana, na usipokula katika Aberheli watu wanajua.

Siku ya maziko jua lilikuwa kali na watoto wa wageni walipiga kelele ufukweni, hawana habari. Olwen alivaa nguo yake nyeusi, akapanda na wengine. Alikuwa ameamua. Mchungaji akifika kaburini, kabla jeneza halijashuka, atanyanyua mkono kama shuleni na atasema, wamwite kichaa wakitaka. Berwyn atalileta lile sweta. Wazee wanaomkumbuka Nain bado wapo.

Akasogea ukingoni. Wachimbaji walikuwa wamechimba mpaka karibu na yule wa chini wakasimama, kwa heshima, lakini upande mmoja udongo ulikuwa umeporomoka wenyewe. Pale chini, kwenye kona, palionekana ubao. Kipande tu, cheusi, urefu wa kiganja. Olwen akainamia shimo kuufuata ubao ule, na Berwyn Posta akamdaka kwapani.

Mchungaji akasoma. Mkono wa Olwen haukunyanyuka. Aliutazama ule ubao, na aliwaza watampeleka wapi Marged akisema. Kule pembeni karibu na ukuta, peke yake, mama aliyekuja kila wiki na mwavuli. Na watamwekea nani? Iolo hayupo mahali popote. Aliwaza jinsi alivyokaa mwenyewe upande ule wa ukuta, upande wa wasio na mtu, na jinsi ulivyokuwa na baridi. Kamba zikashuka mikononi mwa wanaume, jeneza likashuka, na ubao mweusi ukafunikwa usionekane tena. Wakati ukapita hivyo, kama basi linalopita kituo bila kusimama, na yeye ndiye hakulisimamisha.

"Mama Olwen," Gethin alinong'ona. "Tunakusubiri wewe."

Alikuwa na udongo mkononi. Hakukumbuka kuuchota. Akainama, kwa shida, akaita chini kwa sauti ya kawaida ya mama anayeongea na mtoto kitandani, na sote tuliokuwa karibu tulimsikia.

"Emrys. Jisogeze, mwanangu. Umpishe Marged alale."

Watu wakatazamana. Mtu mmoja alianza kulia, kwa huruma ya mzee aliyechanganyikiwa. Gethin akamshika kiwiko kwa upole mkubwa, akamsogelea sikioni.

"Iolo, mama," alisema. "Anayelala hapa ni Iolo."

Olwen alimtazama kijana yule wa watu, kisha akatazama jina kwenye jiwe alilolisugua kwa mikono yake.

"Ndiyo," alisema. "Iolo." Na akauachia udongo.